Pompe ya Katoni

Mayimuna alikuwa na mikono isiyojua kutupa kitu. Katoni ya sabuni ikiingia kwake, kesho yake ilikuwa simu. Makopo ya maziwa yaligeuka cherehani, na kizibo cha chupa kilikuwa kitufe cha redio, gurudumu au sahani ya mwanasesere, kutegemea siku hiyo watoto wameamka na mchezo gani. Gundi alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Mumewe Djibril, dereva wa lori la njia ya Kolwezi, alimletea kutoka kwa wauza vitenge yale mabomba ya katoni ambayo vitenge huzungushiwa, yanayobaki nguo ikiisha, akiyapanga nyuma ya kiti chake kama mzigo wa maana.

Mtoto wao Aicha alikuwa na miaka sita na sauti ya mkuu wa gereza. Chini ya uongozi wake watoto wa avenue, barabara ya kwetu, walikwishacheza duka la dawa, saluni, harusi mbili na msiba mmoja ambao marehemu alikataa kulala, ikabidi afukuzwe. Vifaa vyote vilitoka katika lupangu, yaani ua, ya Mayimuna. Wakimaliza, walivirudisha chini ya kitanda chake na kwenda kula bukari, ugali wetu.

Kwenye kona ya avenue palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mashine, na juu yake sakafu safi ya saruji iliyoinuka kimo cha kiti, na katikati ya sakafu tundu lililozibwa kwa kipande cha bati na jiwe. Kilichokosekana ni pompe tu, yaani pampu ya mkono. Wafadhili, tuliambiwa, walikwishalipa kila kitu. Pompe ilikuwa njiani. Tangu mvua za mwaka uliopita ilikuwa njiani, na kama ingekuwa inatembea kwa magoti ingekuwa imefika Likasi, mji wetu, ikapita, ikarudi.

Aliyetuambia hivyo ni Hilaire, chef, yaani mkuu, wa mtaa wetu, mtu mwenye kofia nzuri na simu mbili. Kila tulipomuuliza alitazama moja ya simu hizo, kana kwamba pompe yenyewe ingepiga.

"Iko ku route," alisema. "Muvumilie."

Tukavumilia, na bidoni, yale madumu ya plastiki, vichwani, hadi chemchemi iliyo chini kule bondeni.

Watoto hawakuvumilia. Waliona sakafu nzuri kama ile inakaa bure, wakamwambia Mayimuna wanataka kucheza kuteka maji. Basi akawatengenezea pompe. Alichukua bomba nene la katoni ya kitenge likawa mwili wake, katoni zilizokunjwa zikawa mdomo, mpini wa ufagio ukawa mkono wa kupampu, na vipande vya mpira wa baiskeli vikaushika ili upande na kushuka. Vizibo vikawa bolti. Juu ya yote alipaka rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka mlango. Ilipokauka, Djibril aliitazama kwa mbali akasema kama asingekuwa mumewe angepeleka bidoni.

Mchezo ulikuwa na sheria. Kila mtu apange mustari. Bénie, mtoto wa jirani, alikuwa mama mwenye haraka anayedai kuacha chungu motoni. Kazi yake ilikuwa kugombana. Jeancy, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, alikuwa maji. Alijificha nyuma ya sakafu, na mkono wa pompe ukishuka alifanya "shwaaaa!" kupitia pengo lile, vizuri mno, hata mbwa waligeuza vichwa. Aicha alikuwa mwenye pompe. Aliwapa watu kikombe kitupu, wakanywa, wakasema aksanti.

Siku moja Hilaire alipita na wageni, akawakuta. Alicheka akashika tumbo.

"Muone mambo," aliwaambia wageni. "Mama muzima, mwenye bwana, anashinda anabandika makaratasi. Pompe ya bongo!"

Bongo, kwetu, ni uongo. Mayimuna alikuwa anapita na bidoni kichwani. Mtu mwenye maji kichwani hageuki ovyo. Lakini alisikia.

Mwezi wa kumi ukafika na habari yake: Honorable anakuja. Huyu ni mbunge ambaye kwa kawaida tunamwona kwenye kalenda. Anakuja kufungua kisima chetu rasmi, na viti, na muziki, na mpiga picha. Avenue ikafagiliwa hadi mawe yakaona aibu. Sisi wanawake tukauliza: na pompe? Hilaire akatazama simu ya kwanza, kisha ya pili.

Kesho yake mchana alibisha katika lupangu ya Mayimuna. Alikuwa ameshika kofia mkononi na mfuko wa biskuti.

"Mama Aicha, jambo."

"Jambo, Chef. Karibu. Kiti njo kile." Akamwelekezea kwa kidevu.

Alikaa. Alisifu ua. Alisifu kuku, ambaye hakuwa wa Mayimuna. Alimuulizia Djibril, na lori la Djibril, na barabara ya Kolwezi. Mayimuna aliendelea kuchambua mboga.

"Mama Aicha," hatimaye akasema, "ile kintu ya batoto… ingali?"

"Kintu gani, Chef? Batoto beko na bintu mingi."

"Ile ya buluu."

"Iko simu ya buluu. Iko na kitanda ya buluu, ya mwanasesere."

Hilaire alifuta shingo. "Ile pompe."

"Aah! Pompe ya bongo?"

Akakubali kwa kichwa. Akaeleza haraka, kwa sauti ya chini: pompe ya kweli imechelewa kidogo, Honorable hawezi kuchelewa, na mtu mkubwa hawezi kukata utepe mbele ya tundu. Ni kwa picha tu. Atakata, atapigiwa makofi, ataondoka. Na akishaona mtaa umempokea vizuri, pompe ya kweli itakuja mbio.

Mayimuna angeweza kukataa. Baadaye alituambia kwa nini hakukataa: alitaka kuona uongo ule ungefika wapi ukipewa miguu. Alinyoosha kidole kuelekea kivulini, ambapo binti yake alikuwa anamsuka mwanasesere.

"Minye niko fundi tu. Mwenye pompe njo ule."

Kwa hiyo chef wa mtaa alichuchumaa mbele ya mtoto wa miaka sita. Aicha alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Utarudisha?"

"Nitarudisha."

"Na shiye tutakuya. Bila Jeancy haitoke mayi."

"Bakuye, bakuye bote," alisema Hilaire, ambaye hakuwa anasikiliza. Aliacha biskuti, akabeba pompe ikiwa imefunikwa kwa shuka, kama mgonjwa.

Siku yenyewe jua liliwaka mapema. Viti vya plastiki vilipangwa, vile vyenye mikono mbele, vile visivyo nayo nyuma. Watoto wa shule walisimamishwa juani tangu asubuhi wakiwa na wimbo mmoja. Pompe ilisimama katikati ya sakafu, imefungwa utepe mwekundu, na kwa kweli ilipendeza. Mtu asiyejua angeipenda. Tuliojua tulikaa tukitazamana kwa pembe za macho. Mama Alphonsine, mkubwa wa kikundi cha akina mama wa parokia, alikuwa amefunga kitenge kipya na alikuwa ameambiwa apige vigelegele kwa ishara.

Honorable alikuja kwa magari matatu. Aliongea kuhusu maji. Alisema maji ni uhai, na kwamba yeye usiku halali akifikiria kiu yetu, jambo ambalo mwili wake haukulithibitisha. Akakata utepe. Makofi. Hapo, kwa mpango wa Hilaire, ndipo mambo yangeisha.

Lakini Cyrille, mpiga picha aliyetoka naye Lubumbashi, aliona picha yake bado baridi. "Honorable, shika kidogo mukono ya pompe."

Hilaire aliruka. "Honorable, pole, tusiguse, rangi haiyakauka!"

"Rangi?" alisema Honorable, akaanza kukunja mikono ya koti. "Minye niko mutoto wa mukini, wa kijiji kabisa. Minye nilikomea ku pompe, tangu utoto! Siogope rangi."

Akashika mpini wa ufagio, akajiweka sawa mbele ya kamera, akashusha kwa nguvu.

"Shwaaaaaa!"

Sauti ilitoka nyuma ya sakafu, ndefu, yenye povu. Honorable aliganda. Akapandisha mkono taratibu, akashusha tena, kama mtu anayejaribu kama sakafu itambeba.

"Shwaaaaaa!" alifanya Jeancy, mtu mwaminifu kwa kazi yake.

Kutoka mdomo wa katoni hakukutoka hata unyevu. Ndipo Aicha alipopanda sakafuni amevaa gauni lake la Idi, kikombe cha plastiki mikononi, akakiweka kwanza chini ya mdomo wa pompe kama inavyotakiwa, kisha akampa Honorable kwa mikono miwili.

"Kunywa, papa. Na kisha utaacha bengine. Batu beko ku mustari."

Honorable alitazama ndani ya kikombe. Alimtazama Hilaire. Hilaire alikuwa anatazama mbingu. Cyrille alikuwa na jicho kwenye kamera na alikuwa anasema, "Muzuri, muzuri, vile vile." Sote tulingoja. Ningependa kusema kwamba Honorable alikasirika, au alicheka, au aliuliza. Mtu wa kawaida angeuliza. Yeye aliinua kikombe, akainamisha kichwa nyuma, koo likapanda na kushuka mara kadhaa, kisha akajifuta midomo mikavu kwa kitambaa.

"Ah!" alisema. "Tamu. Na baridi!"

Na sisi tukapiga makofi. Siwezi kutuficha. Mama Alphonsine alipiga vigelegele hata bila ishara. Tulikuwa tumekaa juani kwa muda mrefu, na soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Alipoachia pompe, mpini ulichomoka ukabaki mkononi mwake. Aliukabidhi kwa Hilaire bila kumtazama, akiwa bado anatabasamu, na Hilaire akausimamisha nyuma ya mgongo wake mpaka magari matatu yalipopotea. Alipeana mikono na watu wengi akiwa na mpini wa ufagio umetokeza juu ya bega.

Jioni ile picha ilikuwa katika simu za Likasi nzima: Honorable anakunywa, macho yamefumbwa kwa raha, na chini yake maneno kwamba raia wa mtaa wetu wameagana na kiu. Dada yangu aliniandikia kutoka Kipushi kunipongeza. Nilisoma salamu zake nikishuka bondeni na bidoni.

Asubuhi Aicha alienda kwa Hilaire kudai mali yake, amefuatana na Bénie na Jeancy. Walikuta kamba imezungushiwa sakafu, na kijana mwenye filimbi amekalia jiwe.

"Ile pompe haiko yenu tena," Hilaire aliwaambia. "Ilishafunguliwa. Sasa iko ya Leta."

Leta ni Serikali. Watoto walirudi wanalia, hasa Jeancy, aliyeamini kwamba yeye pia amechukuliwa na Leta. Sisi wakubwa tulipouliza, tuliambiwa kisima kimefunguliwa ila hakijaanza kutumika, kwa sababu maji yanapimwa. Maji gani, Hilaire hakusema. Yule kijana mwenye filimbi aliilinda katoni ile kwa bidii kubwa. Mbuzi akikaribia, filimbi.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, ile yetu ya mwanzo wa msimu inayokuja na mawe. Ilipokatika, pompe ya Leta ilikuwa imeinama. Baadaye kidogo ikapiga magoti, kisha ikalala, na rangi ya buluu ikatiririka hadi kwenye mtaro. Kijana alipiga filimbi, lakini haikusaidia.

Hilaire alimwita Mayimuna ofisini kwake. Mayimuna alikwenda na Mama Alphonsine, kwa sababu mwanamke hafai kwenda peke yake kwenye ofisi yenye pazia, nami nikafuata kwa sababu nilitaka kusikia.

Chef alikuwa amepoteza kabisa ile sauti ya biskuti. "Mama Aicha, kazi yako ilikuwa ya mubaya. Mvua moja tu!"

"Kazi gani, Chef?"

"Pompe! Weye njo ulitengeneza. Sasa imeharibika, na wafadhili banatuma commission, bantu ba kutoka Lubumbashi, bazungu ndani yao. Banakuya vendredi, ijumaa hii, kuona pompe. Utatengeneza ingine. Ya bati, ya nguvu. Na mayi itoke, hata kiloko, matone tu, tutaficha bidoni mu ndani."

Mayimuna alikaza fundo la kitenge chake. Alikuwa mwanamke mpole. Nilikuwa sijamwona akiwa na hasira. Alianza kuongea kwa upole uleule, na ndiyo maana ilichoma.

"Chef, minye natengenezeaka batoto. Batoto bangu banacheza mayi, lakini banajua ni bongo. Bakimaliza, banarudia ku nyumba, banakunywa mayi yenye minye nilibeba ku kichwa. Hata ule mudogo kabisa anajua. Benye habajue kuacha kucheza, njo weye na Honorable wako."

"Weh! Unasema na mukubwa!"

"Nasema na mukubwa. Kama unataka, nitaitengeneza. Lakini Jeancy hatakuya tena, mama yake anakatala. Njo weye utajificha nyuma. Njo weye utafanya shwaaa mbele ya bazungu. Jaribu kidogo, tusikie kama unaweza."

Mama Alphonsine alifunika mdomo kwa kitenge, lakini mabega yake yalitikisika. Nje ya dirisha, ambako watu huwa wanapita tu, kulikuwa na watu wengi ambao hawapiti. Mmoja alifanya "shwaaa". Mwingine akajibu. Tulipotoka, avenue nzima, hadi wauza mkaa, ilikuwa inafanya shwaaa, na kwa siku zilizofuata Hilaire hakuweza kuvuka balabala bila mvua kunyesha nyuma ya kila ukuta.

Siku moja kabla ya commission, pick-up ya shemeji yake Hilaire iliingia avenue kwa mwendo wa msiba. Nyuma yake kulikuwa na pompe. Ya chuma, nzito, ya kweli, wanaume wanne walihitajika kuishusha. Mguu wake ulikuwa na udongo mweusi uliokauka, na mkono wake ulikuwa tayari umeng'aa kwa kushikwa. Katika bolti moja kulikuwa kumenasa jani. Djibril, ambaye siku hiyo hakuwa safarini, alilitoa, akalinusa, akatupitishia.

"Tomati," alisema. "Huko banapotengeneza bapompe, banalimaka na tomati?"

Tulijua wote shamba la shemeji liko wapi: kwenye njia ya Tshangalele, bustani kubwa ya mboga, kijani hata mwezi wa tisa ambapo kila kitu kwetu ni kahawia. Tulikuwa tumenunua nyanya zake sokoni mwaka mzima. Tulikuwa tumezisifu.

"Njo ilipitia kule," alisema Hilaire. "Route ni mubaya."

Jioni ile ikafungwa, na maji yakatoka. Yalitoka mekundu kwanza, halafu meupe, halafu safi, na yalikuwa baridi kwelikweli. Mayimuna alijaza bidoni la kwanza. Alipampu bila kusema, na nilipomtazama usoni sikujua kama ni furaha au hasira. Nadhani vilikuwa vinagombania nafasi. Jeancy alisimama pembeni akisikiliza. Maji yalikuwa yanajifanyia sauti yenyewe, na si nzuri kama yake.

Commission ilifika ijumaa. Walikuwa watu wazuri, wenye viatu vya vumbi na maswali mafupi. Waliona pompe, wakaona mustari wa akina mama, wakauliza kama tumeridhika. Mmoja alisema kwa pompe iliyofungwa tangu mwaka jana, hii imetunzwa vizuri sana, inaonekana imetumika kila siku. Hilaire akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Niliona Mayimuna akifungua mdomo. Mama Alphonsine alimbana kiwiko.

"Nyamaza, mama," alimnong'oneza. "Sasa iko hapa. Mayi isirudie ku tomati."

Mayimuna akafunga mdomo. Wakampa Hilaire cheti chenye mhuri, na yuko nacho ukutani hadi leo, kando ya picha ya Honorable akinywa hewa. Ukienda kwake kwa shida yoyote lazima ukae ukivitazama vyote viwili. Shemeji yake naye anauza nyanya chache, kwa bei ya juu, na analalamika juu ya ukame.

Baada ya wiki chache wazee watatu wa mtaa wa pili walikuja kwa Mayimuna jumapili, baada ya misa, wamevaa makoti. Wamebeba katoni kubwa ya friji, mmoja mbele, mmoja nyuma, wa tatu anaelekeza. Mtaa wao uko gizani tangu transforma yao ya umeme iungue. Nyaya za umeme wa bwawa la Koni zinapita juu ya mapaa yao kwenda kwenye viwanda, na usiku wanazisikia zikinguruma. Transforma mpya, wameambiwa, iko njiani.

"Mama Aicha," alisema yule wa kuelekeza, "tulisikia weye, ukitengeneza kintu, ya kweli inakuya."

Mayimuna alicheka hadi akaketi. Kisha akaona kwamba wao hawakuwa wanacheka. Walikuwa wamesimama uani na katoni yao, makoti yamefungwa vifungo vyote, wakingoja jibu kama watu walio kwa daktari.

Alijifuta macho. Akaizunguka ile katoni, akaigonga kwa kifundo cha kidole kusikia ugumu wake.

"Kwenu batoto beko?"

"Beko benyi, mama. Benyi sana."

"Basi mutume bale bakubwa kidogo, bakuye banisaidie kukata," alisema Mayimuna, akaingia ndani kutafuta kisu na kuweka sufuria ya gundi kwenye mbabula ya mkaa.